Vifarishi Tisini na Kimoja

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa kwamba ana kifua kikuu na kwamba akae kando na watoto wake. Sina ujuzi wa dawa. Ninachokijua ni benchi la kungojea, kikohozi, na urefu wa siku ya mtu aliyekatazwa kuinuka. Nitasimulia nilivyoona, kwa mpangilio wake, na pale nisipojua nitasema sijui.

Mimi ni binti wa fundi cherehani. Baba alipanda kutoka Pangani wakati boma la Arusha lilikuwa bado linanuka chokaa, akaweka cherehani yake kwenye kibaraza karibu na maduka ya Wahindi. Kwake nilijifunza mambo mawili: kushona, na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, maana alihitaji mtu wa kumwandikia vipimo vya wateja. Niliolewa na Idi, kijana wa Kimeru aliyezaliwa Akheri akasilimu mjini. Kazi yake ilikuwa kuendesha magari ya ng'ombe yanayobeba mizigo kati ya Arusha na Moshi, ambako reli ilikuwa ndiyo kwanza imefika. Tulikuwa na mtoto mmoja, Zena. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu nilipoanza kukohoa.

Nilianza wakati wa vuli, nikadhani ni mvua. Vuli ikapita, kikohozi kikabaki. Bangili zangu ambazo zamani sikuweza kuzivua bila sabuni zikaanza kuteremka zenyewe nikiosha vyombo. Asubuhi mto ulikuwa umelowa jasho. Siku moja nilimwinua Zena nimpandishe mgongoni, magoti yakakataa, tukaketi chini wote wawili. Yeye akacheka akidhani ni mchezo. Nikacheka naye mpaka nikakohoa, na kwenye ukingo wa kanga nikaona tone la damu.

Kwa daktari wa boma nilikwenda asubuhi nne. Benchi lilikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyeuandika: askari kwanza, kisha wake wa askari, kisha watumishi wa Wazungu, kisha sisi. Kila aliyekuja nyuma yetu akiwa na nguo ya kaki alituruka. Asubuhi ya kwanza hadi ya tatu jua lilipanda, likasimama, likashuka, tukaambiwa turudi kesho. Nilikuwa nikiwahesabu waliokaa nami na kukisia maradhi yao kwa jinsi walivyoketi. Mwenye jino hushika shavu. Mwenye tumbo huketi pembeni ili awahi kutoka. Sisi wa kifua tuliketi wima na kufumba mdomo, kila mmoja akiona haya kuwa wa kwanza kukohoa.

Asubuhi ya nne daktari aliweka sikio lake kwenye mgongo wangu. Hakukawia. Mkalimani akaniambia niende kwenye kituo cha misheni juu ya Akheri, ambako kulikuwa na vibanda vya wagonjwa wa kifua, nilale huko mpaka nitakapopona. Mtoto nisimguse wala nisimpumulie. Nikamwuliza mpaka lini. Mkalimani hakumuuliza daktari, alinijibu mwenyewe. "Mama, wewe nenda tu."

Baba hakupenda nikalale kwa watu wa misheni, lakini alikuwa ameiona ile kanga. Zena akapelekwa kwa mama yake Idi, kule kule Akheri, mwendo wa saa moja chini ya misheni. Sikumbeba. Alitangulia mgongoni kwa baba yake, mimi nikifuata nyuma hatua ishirini, na kila alipogeuka kunitazama nilitabasamu huku kanga nimejiziba nayo mdomo. Sijui aliona nini.

Vibanda vilikuwa vitatu, vya miti na udongo, upande mmoja hauna ukuta ili hewa ya mlima ipite. Mbele yake palikuwa na mfereji wa maji unaoteremka mashambani. Mfereji ndio ulikuwa mpaka wetu. Wageni walisimama ng'ambo, wakaweka chakula juu ya jiwe bapa, wakarudi nyuma, ndipo sisi tukaenda kuchukua. Muuguzi wa Kizungu tuliyemwita Bibi Mganga alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache. Dawa zake nilizijua zote kwa siku mbili: mafuta ya samaki kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, maziwa, maji ya kahawia yanayounguza ya kupaka kifuani kila baada ya siku tatu, na kulala. Kila Jumamosi alitupima kwenye mizani ya kahawa. Alikataza kutembea, kuimba, na kuzungumza zaidi ya lazima.

Mwenzangu wa kibanda aliitwa Naserian, Mwarusha kutoka Olasiti, mwanamke wa makamo mwenye masikio yaliyorefushwa kwa hereni nzito. Alikuwa amelala pale tangu kabla ya vuli. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilimtosha kwa kunichokoza.

Kutoka kitandani niliona migomba ya Akheri chini yangu, na ndani ya migomba moshi wa nyumba. Kwa siku tatu nilijaribu kuujua moshi wa kwa mama mkwe. Niliuchagua mmoja, ulio karibu na mti mkubwa wa mringaringa, nikawa naangalia huo. Ukitoka mapema nasema Zena ameamka. Ukichelewa nasema anaumwa. Baadaye niliambiwa kwamba ule haukuwa wao kabisa. Ulikuwa wa mhunzi. Majuma mawili nilimpenda mhunzi bila kumjua.

Maziwa yalinitoka bado. Nilikuwa sijamwachisha Zena kabisa; alikuwa akinyonya anapotaka kulala. Ilichukua siku nyingi kukauka, na kila jioni, saa yake ya usingizi, nguo ililowa kifuani hata nikiwa nimejisahaulisha. Hilo hakuna aliyeniambia kabla. Namwambia mwanamke atakayesoma hapa: litakuja, na litakwisha, na ukilia siku litakapokwisha usijishangae.

Baba alinitumia kifurushi kwa mkono wa Idi: vipande vya nguo vilivyobaki chini ya cherehani, sindano, uzi, na gunia dogo la usufi. Hakuandika neno. Alinijua. Naserian aliangalia nikivichambua vile vipande kwa rangi, merikani nyeupe huku, kaniki nyeusi kule, kaki peke yake, kanga peke yake.

"Nyie Waswahili mkizibwa mdomo mnaongea kwa vidole," alisema.

Nikamwambia nataka kumshonea mwanangu mfarishi. Mfarishi, kwa asiyejua, ni kifuniko cha kitandani chenye usufi katikati ya nguo mbili, hushonwa mistari juu ili usufi usikimbie. Mara moja nilikuwa nimeona wa Makaburu umeanikwa kwenye gari lao karibu na mto Themi, umeunganishwa kwa vipande vidogo vya rangi mia, nikasimama kuutazama mpaka mwenyewe akanifukuza. Naserian akauliza mfarishi huchukua muda gani. Nikamwambia kwa afya yangu, miezi. Akasema basi nitakufa kabla ya kumaliza, na mtoto atapewa nusu.

Alisema hivyo kwa kucheka, na mimi nilicheka, kwa sababu ndani ya vibanda vile mambo hayo yalisemwa hivyo. Lakini yalinikaa. Baadaye nikamwambia nitashona mfarishi mmoja kila siku, kamili, usio na nusu. Mdogo kama kiganja. Zena alikuwa na mtoto wa gunzi la mahindi ambaye hakuwa na nguo.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Ukikosa moja, kikombe chako cha maziwa ni changu."

Tukaweka masharti. Kifarishi kiwe na vipande visivyopungua vinne. Kisifanane na kilichotangulia. Kiwe kimemalizika kabla ya maziwa ya jioni. Naserian ndiye hakimu, na alikuwa hakimu mkali. Alivivuta kwa meno kuona kama uzi umekaza, mpaka nikamkataza.

Vya kwanza vilikuwa vibaya. Mishono ilikwenda upogo, jasho likaacha alama kwenye merikani. Cha nne kilikuwa cha kaki na kanga nyekundu, nacho kilinipendeza. Cha sita nilikimaliza wakati kikombe kimekwisha kushikwa na Naserian. Alikirudisha huku akinung'unika kwa lugha yake. Bibi Mganga aliviona akasema vikae juani siku mbili kabla ya kutoka. Kwa hiyo kila siku ya soko, mama mkwe alipokuja na ndizi au maziwa mgando, alikuta kifungu cha vifarishi juu ya lile jiwe. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye kusema kidogo, aliyeanza kwenda kusoma misheni ili abatizwe. Nilimwamkia shikamoo kutoka ng'ambo, akaitikia, akachukua kifungu bila kukifungua, akaenda. Nikiuliza habari za Zena alisema, "Anakula." Sikupata zaidi ya hapo, nikaligeuza neno hilo moja siku saba mpaka soko jingine.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Usufi ulikuwa kidogo tangu mwanzo. Nami nilikuwa na kalamu ya risasi na karatasi za kufungia majani ya chai. Tangu utoto nina tabia ya kuandika nilichokiona, kwa sababu ya kazi ya vipimo, na siku zile zilikuwa zikifanana mno hata nikaogopa zitapotea. Basi tangu kile cha kwanza nikawa kila siku naandika mistari michache, siku ya ngapi na nini kilitokea, nakunja ile karatasi ndogo, naishona ndani ya kifarishi pamoja na usufi kidogo. Nilifikiri kwamba Zena akikua atavifumua, na asome, na ajue kwamba mama yake hakuwa amepotea. Alikuwa mahali, akiangalia.

Msomaji wa pwani amekwisha kuona. Kitambaa kidogo cha mraba, kimeshonwa pande zote, ndani yake karatasi iliyokunjwa yenye herufi za Kiarabu. Mimi niliyevaa hirizi shingoni tangu siku ya arobaini yangu, niliyemwona baba akizishona kwa maagizo ya walimu, sikuona. Nilikuwa nikishona hirizi moja kila siku na kumpelekea mama mkwe anayejiandaa kubatizwa, na sikuona.

Masika yalianza. Siku za mvua nyingi mama mkwe hakuja, nikadhani ni njia. Kisha mvua ikapumzika na bado hakuja. Chakula kikaletwa na jirani aliyekiweka jiweni na kuondoka karibu mbio. Vifungu viwili vya vifarishi vilibaki pale pale mpaka vikalowa. Naserian akasema mama mkwe amechoka nami. Nikasema hapana. Usiku sikulala vizuri, homa ikapanda, na Jumamosi mizani ya kahawa ikaonyesha nimerudi nyuma kuliko nilivyoingia.

Kisha akaja Idi kutoka Moshi. Alisimama ng'ambo ya mfereji akiwa bado na vumbi la safari, akaangalia chini, akasema kwa mkato kama mtu aliyejifunza maneno njiani. Zena alitafuna kimoja, uzi ukakatika, karatasi ikatoka. Jioni ile ile akapata homa. Mama yake Idi akavikusanya vyote, akavitia kwenye chungu, akakiweka nje ya nyumba, kwa kuwa aliogopa kuvichoma na aliogopa kuvilaza ndani. Alikuwa amepeleka karatasi moja kwa mwalimu wa misheni. Mwalimu alijua herufi za Kizungu tu. Akasema haya ni maandishi ya Kiislamu, mengine hajui.

"Anasema unamvuta mtoto kwa hirizi," Idi aliniambia. "Anasema Zena hatarudi kwako. Atambatizisha, atamlea yeye."

"Na wewe unasemaje?"

Alijipangusa vumbi mkononi kwanza, na hilo nililiona. "Homa imeshuka," alisema. "Lakini ilikuja siku ile ile, mama Zena."

Nikamwambia amlete mama yake, na chungu chote. Hata kama hapendi, amlete.

Walikuja asubuhi ya tatu, mvua ikiwa imekatika. Mama mkwe aliketi juu ya jani la mgomba upande wake wa mfereji, akaweka chungu kati ya miguu, na Idi akatia humo vifarishi vyote nilivyokuwa bado navyo, hata vile vilivyolowa jiweni. Alikuwa ameleta kisu kidogo cha kumenyea ndizi. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alichukua kifarishi kimoja akakifumua, na alivyofumua niliona ni kile cha kaki na kanga nyekundu. Idi akaipitisha karatasi kwa ncha ya fimbo yake.

"Soma," alisema mama mkwe.

Nikasoma. "Siku ya nne. Mlima umejificha mpaka adhuhuri. Naserian amepewa ndizi mbili, amekula moja na nusu. Nusu amempa kuku wa Bibi Mganga."

Kutoka kibandani Naserian akapaza sauti: "Mwongo. Nilizila zote mbili."

Idi alicheka pumzi moja akajizuia. Mama mkwe hakucheka. "Hayo umeyatunga sasa hivi," alisema.

Alichokifanya baada ya hapo nakikumbuka kwa heshima, maana mimi nisingekifikiria. Alifumua vingine kumi, akanisomesha kila kimoja, akizirudisha karatasi kwake. Kisha akanigeuzia mgongo, akazichanganya, akanipa moja. Nikasoma. Akanipa nyingine. Alikuwa akilinganisha. Karatasi iliyosema kuku mara ya kwanza, mara ya pili ilisema kuku vile vile. Iliyosema mafuta ya samaki yameganda kwa baridi ilisema hivyo hivyo. Mwanamke asiyejua herufi hata moja alinipima kama mhunzi anavyopima chuma.

Akaendelea kufumua. Nikaendelea kusoma. Nilikuwa nimekatazwa kuzungumza, na sasa nilizungumza kuanzia umande mpaka jua likawa juu. Nilisoma nani alikohoa, nani alipelekewa nini, panya aliyekula uzi, mvua ya kwanza ilipiga upande gani wa kibanda. Sauti ilipokatika Idi alisema, "Mama, basi." Mama mkwe akasema bado.

Nikafika kwenye moja, nikasita, kwa sababu ilimhusu yeye. "Soma," akasema.

"Siku ya ishirini na mbili. Mama mkwe ameleta maziwa mgando. Amefuta mdomo wa kibuyu kwa ukingo wa nguo yake mara tatu kabla ya kukiweka jiweni. Mguu wake wa kushoto anaukanyagia pembeni. Hakusema."

Aliuangalia mguu wake. Idi naye aliuangalia.

"Ulikuwa mwiba," alisema mama mkwe, kwa sauti ya chini. "Niliutoa mwenyewe. Sikumwambia mtu."

Nilidhani yamekwisha. Hayakuisha. Alinisomesha zote zilizobaki, mpaka chungu kikawa kitupu na mbele yake lundo la vitambaa vilivyofumuliwa na usufi uliolowa. Kisha akaniuliza swali ambalo, nadhani, ndilo alilokuja nalo tangu nyumbani. Watu wa hirizi alikuwa anawajua. Kumvuta mtu, alisema, huandikwa jina lake, na jina la mama yake.

"Jina la mtoto liko wapi?"

"Halimo."

"Katika zote?"

"Katika zote, mama."

Alitazama karatasi. Zilikuwa tisini na moja. Nilikuwa nimetimiza siku tisini na moja na sikuwahi kutoa kikombe changu. "Mtoto wako mwenyewe," alisema. "Umeandika kuku. Umeandika panya. Yeye hujamwandika?"

Nilitaka kumjibu vizuri. Nilikohoa kwanza, kwa muda mrefu, na kwenye kanga palikuwa na damu, kidogo. Nikamwambia kwamba nilijaribu siku ya kwanza. Niliandika herufi ya kwanza ya jina lake na mkono haukushika tena sindano mpaka alasiri. Siku ya pili nikaona nikiliandika jina sitaweza kushona, na nisiposhona hatapata kitu, basi nikaliacha. Nikaandika kila kilichokuwapo isipokuwa yeye.

Mama mkwe akazikusanya karatasi moja moja, akazirudisha ndani ya chungu, na usufi juu yake, na vitambaa juu ya usufi. Aliposimama aliniita kwa mara ya kwanza mwanangu. "Mwanangu, lala," alisema. "Umesema sana." Wakati wanashuka niliona amekibeba chungu kifuani, hakukiweka kichwani.

Bibi Mganga alikasirika na alikuwa na haki. Nililala majuma mawili bila kuinua kichwa, na kwa majuma hayo Naserian alikunywa maziwa yangu yote, kwa kuwa sikushona. Alisema masharti ni masharti. Siku ya kwanza nilipoweza kukaa alinirudishia kikombe na chake juu yake.

Soko lililofuata mama mkwe alikuja. Aliweka ndizi, akarudi nyuma, na kabla sijauliza akaanza mwenyewe: Zena ameamka kabla ya kuku. Zena amemwaga uji, akamsingizia mbuzi. Zena ana jino linalotikisika, hapana, hakulitikisa mwenyewe, alianguka. Alisema mpaka akamaliza, akapumua, kama mtu aliyetua mzigo. Alifanya hivyo kila soko. Alikuwa amejifunza kuangalia kwa ajili yangu.

Kisha ukaja ukungu wa miezi ya baridi. Naserian alichukuliwa na kaka zake kabla Bibi Mganga hajamruhusu. Walikuja na mikuki na blanketi, wakamkalisha juu ya punda. Alisema hataki kufia mahali penye harufu ya samaki. Nilimpa kifarishi kimoja, akakivuta kwa meno, akasema kimekaza. Sijui mwisho wake. Nimewauliza watu wa Olasiti sokoni mara nyingi, na wapo wanaosema alionekana, na wapo wanaosema siye.

Mimi nilianza kupona bila kujua siku. Kwanza jasho la usiku lilikwisha. Kisha bangili zikasimama tena kwenye kifundo. Jumamosi moja mizani ya kahawa iliteremka upande wangu, na Bibi Mganga, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, aliipiga mizani kwa kidole kuona kama haikukwama. Vuli ilipokaribia akaniambia nishuke. Lakini kwa msimu mmoja nisilale na mtoto, nisile naye chombo kimoja, na tukikaa tuwe na nafasi kati yetu ya mikono miwili iliyonyooshwa.

Nataka kusema hapa jambo ambalo wagonjwa wenzangu hawaambiwi. Tunadhani kupona ni kurudi. Wakati wewe unalala, nyumbani kunakwenda mbele. Nilishuka Akheri nikiwa nimekariri miezi minane nitakavyomwita na atakavyokuja mbio. Zena alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mrefu. Alikuwa anasema Kimeru kitupu, maneno yanayokimbia ambayo mimi nilishika machache tu, na aliponiona alijificha nyuma ya nguo ya bibi yake na kumwambia kuna mgeni.

Sikumwita. Nililala kwenye kibanda cha mbuzi kilichosafishwa kwa ajili yangu. Mama mkwe alinitazama kila siku kwa jicho la mtu aliyechukua kitu na hajui akirudishe vipi, nami nikamwambia asimsukume mtoto. Nilikaa uani mchana, kwa umbali wangu wa mikono miwili, nikimenya ndizi. Zena alipita. Siku nyingine alipita karibu. Siku nyingine alisimama akaangalia namna ninavyomenya, akaenda kumwambia bibi yake kwamba yule mgeni anamenya vibaya, na ilikuwa kweli.

Juma la tatu, mvua za kwanza zikiwa zimeanguka asubuhi, alikuja akachuchumaa mbele yangu. Aliniuliza kitu kwa Kimeru, kirefu, akinitazama usoni. Sikukielewa. Nikamtazama mama mkwe aliyekuwa akipepeta mlangoni. Ungo ukasimama mkononi mwake.

"Anasema, bibi ameniambia wewe ni mama yangu," alitafsiri. "Anauliza, tangu lini?"

Nilipima umbali kati yetu kwa macho. Ulitosha. Nikamwambia mama mkwe aje aketi hapo katikati, amgeuzie kila neno nitakalosema, asipunguze. Akaacha ungo, akaja. Nikaanza kumhesabia Zena tangu siku aliyozaliwa.